Vikundi vya Tanga vinahitaji zabuni kabla ya mikopo

Kila mwaka, kuanzia mwezi Januari, halmashauri zote nchini huingia katika msimu wa bajeti. Vitabu vya mapendekezo hutoka kwa wataalamu, vikapita kwenye kamati ya fedha, vikafika mbele ya baraza la madiwani, na kutoka hapo vikapanda ngazi hadi Dodoma. Katika jiji dogo kama Tanga msimu huo una swali moja ambalo hurudi kwa sura mbalimbali. Jiji lenye mapato ya kiasi lifanye nini na fedha chache linazokusanya lenyewe ili mitaa yake iboreke, na wananchi washirikishwe kwa njia gani katika kazi hiyo?

Jibu lililozoeleka ni mikopo kwa vikundi. Ni jibu lenye nguvu ya sheria, lina wapenzi wengi katika siasa, na picha za makabidhiano ya hundi ya mfano hupendeza magazetini. Lakini ukilitazama kwa jicho la kibiashara, jibu hilo limeanzia mwisho. Kikundi cha watu watano kinapopewa fedha bila kuwa na mteja, kinapewa deni. Na mteja mkubwa kuliko wote katika mji wa ukubwa huu ni halmashauri yenyewe, ambayo hununua kazi na huduma kila siku ya Mungu, mara nyingi kutoka mbali na mitaa inayodai kuikwamua.

Tanga ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 273,332, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 393,429. Hilo ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja katika muda wa miaka kumi. Mji uliojengwa na mkonge, ambao enzi zake ulikuwa na mashamba na viwanda vilivyoajiri maelfu, sasa unategemea bandari, saruji, maziwa, uvuvi na biashara ndogondogo, na unasubiri neema ya bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017. Bandari nayo imefanyiwa upanuzi wa shilingi bilioni 429.1. Hizo ni fedha nyingi, lakini ni fedha zinazopita mjini. Ushuru wa bandari ni wa Mamlaka ya Bandari, forodha ni ya Mamlaka ya Mapato, na malori yanayotoka kule yanaiachia halmashauri mashimo barabarani kuliko yanavyoiachia mapato.

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba halmashauri za miji ziliwahi kufutwa kabisa wakati wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa mwaka 1978 baada ya mifereji kuziba na takataka kujaa. Tangu zirudishwe, vyanzo vyao vya mapato vimekuwa kama maji ya kisima cha jirani: leo unaruhusiwa kuchota, kesho unakuta kufuli. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo uti wa mgongo wa mji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Mpangaji wa Makorora anaponunua umeme analipia jengo ambalo si lake, na fedha hiyo inapitia Hazina kabla mtaa wake haujaiona. Halmashauri inabaki kushikilia ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa huduma, vibanda na stendi ya Kange.

Ni kutokana na makusanyo hayo ya ndani ndipo asilimia kumi inapotengwa kwa ajili ya mikopo. Utaratibu wenyewe si mpya. Tangu miaka ya 1990 halmashauri zilikuwa zikiagizwa kutenga fedha kwa ajili ya mifuko ya wanawake na vijana, na kwa miaka mingi agizo hilo lilitekelezwa pale tu mkurugenzi alipotaka. Mwaka 2018 likawa sheria: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuanika vikundi hewa na mabilioni ambayo hayajarejeshwa, Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo. Iliporejeshwa mwaka 2024, halmashauri kumi ziliteuliwa kuijaribu kwa kupitia benki, na nyingine zote zikaendelea kuitoa zenyewe kwa taratibu zilizorekebishwa. Bumbuli, ambayo ni ya Mkoa wa Tanga, iliingia katika zile kumi. Jiji halikuwemo.

Neno "bila riba" limewafanya wengi wafikiri kwamba fedha hizi hazina mwenyewe. Zina mwenyewe. Mama anayepanga mafungu ya nyanya katika soko la Mgandini analipa ushuru, na katika kila shilingi mia anayoilipa, kumi zinaingia katika mfuko huo. Zile kumi zingeweza kuzibua mtaro ulio nyuma ya kibanda chake, mtaro ambao mvua za masika zikianza humfanya auze nyanya akiwa amesimama ndani ya maji. Amekubali, au tuseme sheria imemkubalia, kwamba fedha hiyo imkopeshe mwenzake. Mwenzake asiporejesha, mama wa nyanya ametoa sadaka bila kuulizwa.

Hesabu ya mfuko wa kuzunguka ni rahisi, ingawa mara chache huonyeshwa katika vikao. Chukua mfano wa halmashauri inayoweka shilingi bilioni moja kila mwaka, na kila mkopo ni wa mwaka mmoja. Ikiwa asilimia 90 ya fedha zilizotoka zinarudi, mwaka wa pili mfuko unaweza kukopesha bilioni 1.9, mwaka wa tatu bilioni 2.71, na mwaka wa tano unafika bilioni 4.1. Ikiwa nusu tu inarudi, mwaka wa pili ni bilioni 1.5, na mwaka wa tano haujafika hata bilioni mbili. Haya si makadirio ya kubahatisha. Mfuko unaorejeshewa nusu hauwezi kamwe kuvuka bilioni mbili hata ukiendeshwa kwa karne nzima, wakati ule unaorejeshewa tisa kwa kumi unapanda polepole kuelekea bilioni kumi. Kwa hiyo diwani anayeuliza ni vikundi vingapi vimepewa fedha mwaka huu anauliza swali dogo. Swali kubwa ni marejesho.

Na kwa nini hayarudi? Wapo walaghai, hapana shaka. Kuna vikundi vilivyoundwa wiki moja kabla ya fomu kutoka, vyenye katiba iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kikundi cha jirani, jina la jirani likiwa limesahauliwa ukurasa wa pili. Lakini kusema kwamba vyote ni hivyo ni kuwaonea watu. Vikundi vingi ni vya kweli, vina wanachama wanaojuana tangu kwenye upatu na VICOBA, na vinalemewa kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kuuza kitu: vyote vinazalisha bidhaa ileile na kuwauzia watu walewale. Batiki, sabuni ya maji, kuku wa kienyeji, karanga za kukaanga, tena sabuni ya maji. Wanawake ishirini wa kata moja wakifundishwa kutengeneza sabuni katika semina moja, kila mmoja anarudi nyumbani akiwa mzalishaji, na hakuna aliyebaki kuwa mnunuzi. Marejesho yanapofika, kikundi kinakwenda kwa wakopeshaji wa mitaani wa "kausha damu" ili kulipa mkopo usio na riba kwa mkopo unaonyonya.

Hapa ndipo halmashauri inapopaswa kujitazama upya kama mnunuzi. Inafagia barabara na masoko. Inazibua mitaro, inafyeka nyasi za viwanja na makaburi, inazoa taka, inashona sare, inatengeneza madawati, inapaka rangi shule, inalisha watu kwenye mikutano. Sheria ya ununuzi wa umma, tangu marekebisho ya mwaka 2016, inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake wa mwaka kwa ajili ya makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Msomaji ailinganishe hiyo na ile asilimia kumi. Moja ni sehemu ya mapato ya ndani peke yake, inayotoka kama deni. Nyingine ni sehemu ya kila kinachonunuliwa, inayotoka kama malipo ya kazi. Ajabu ni kwamba ile ndogo ndiyo inayojulikana hadi vijiweni, na ile kubwa wengi wa wanaostahili hawajawahi kuisikia.

Sababu mojawapo ni kwamba zabuni ina milango mingi. Siku hizi ununuzi wote wa umma hupitia mfumo wa kompyuta wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Mfumo huo umepunguza mazungumzo ya chini ya meza, na kwa hilo unastahili pongezi. Lakini kikundi cha mama lishe wa barabara ya kumi na nne Ngamiani, chenye simu moja ya kisasa ambayo ni ya mtoto wa mwenyekiti, hakiwezi kupita humo bila kushikwa mkono. Ofisi ya maendeleo ya jamii ina watumishi ambao kazi yao ni kujaza fomu za mikopo na kufuatilia marejesho. Nusu ya muda huo ukitumika kuandikisha vikundi kwenye mfumo, kuvitafutia namba ya mlipa kodi na kuvifundisha kupanga bei ya kazi, jiji lingepata zaidi kwa gharama ileile.

Wapo watakaosema kwamba wananchi wa mtaa hawawezi kazi za mkataba. Historia ya hapa nchini inawajibu. Katikati ya miaka ya 1990, Hanna Nassif, mtaa wa watu wa kipato cha chini ulio kandokando ya bonde la Msimbazi huko Kinondoni, Dar es Salaam, ulikuwa ukifurika kila msimu wa mvua. Wakazi walijiundia chama chao, na kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, chama hicho kikaingia mikataba ya kujenga mitaro na barabara za mtaa wao. Hawakuitwa kujitolea. Walilipwa kwa kazi iliyopimwa, chini ya wahandisi waliowaelekeza, na baadaye wakaweka utaratibu wa kutoza magari yanayoingia mtaani ili kupata fedha ya matengenezo. Mradi ulikuwa na matatizo yake, kama ilivyo miradi yote ya wafadhili, hasa pale mfadhili anapofunga mkoba. Lakini ulionyesha kwamba mkazi anayelipwa kuchimba mtaro mbele ya nyumba yake hatupi taka ndani yake kesho yake, na jirani akitupa atamsema.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na Tanga, ingawa wakazi wengi wa mjini hawaufahamu. Maji ya jiji yanatoka mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani. Mto huo unaanzia milima ya Usambara Mashariki, ambako kilimo cha kwenye kingo na uchimbaji wa dhahabu vimekuwa vikiujaza tope. Tope likizidi, gharama ya kusafisha maji inapanda, na bwawa linapungua kina. Mamlaka ya maji, Tanga UWASA, imekuwa ikishirikiana na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wanaohifadhi mazingira katika mabonde ya Kihuhwi na Zigi. Mkulima anaacha kulima hadi ukingoni mwa mto na anapanda miti, naye anaungwa mkono katika shughuli nyingine za kumpatia riziki. Hii inaweza kuitwa hifadhi ya mazingira, na ni hifadhi kweli. Mhasibu ataiita kwa jina lingine: mamlaka inanunua maji yasiyo na tope kutoka kwa watu pekee wanaoweza kuyauza. Kuna mnunuzi, kuna muuzaji, na kila upande unajua unapata nini.

Mamlaka hiyohiyo ndiyo iliyowashangaza wengi mwaka 2024 ilipoingia soko la mitaji na hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji walileta zaidi ya kilichoombwa, na hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Riba peke yake ni kama shilingi bilioni 7.17 kwa mwaka, mzigo ambao hauchezewi. Kwa nini watu waliiamini taasisi ya mji wa pembeni kwa fedha kiasi hicho? Kwa sababu ina mita, ina wateja wanaolipa ankara, na ina vitabu vinavyoonyesha kiasi kinachoingia kila mwezi. Ni vema ikumbukwe kwamba mamlaka ya maji si halmashauri. Jiji haliwezi kujivika sifa hiyo, na diwani anayedhani kwamba jiji nalo litauza hatifungani mwakani kwa kuonyesha ushuru wa vibanda anajidanganya. Lakini kanuni ni ileile kwa bilioni 53 na kwa milioni tano: anayekopesha hutazama kwanza nani atanunua. Soko la mitaji liliiuliza Tanga UWASA swali hilo. Halmashauri inapokikopesha kikundi cha Mwanzange nayo inapaswa kuliuliza, na jibu zuri kuliko yote lingekuwa mkataba uliosainiwa na halmashauri yenyewe.

Kazi ya taka inaonyesha jambo hili waziwazi. Kupitia mradi wa miji ya kimkakati uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 2010, Tanga ilijengewa jaa la kisasa huko Mpirani. Jaa ni mali ya thamani iwapo taka zinafika. Zisipofika, ni shimo lililojengwa kwa dola. Na kati ya jaa na uwani kwa mtu kuna vichochoro ambavyo lori la halmashauri haliingii.

Chukua kikundi cha vijana watano kilichokopeshwa shilingi milioni 4.8 kununua guta la injini la kuzolea taka, mkopo wa miezi 24. Marejesho ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Wana nyumba 300, kila moja inatakiwa kulipa 2,000 kwa mwezi, yaani 600,000. Katika hali halisi tuseme nyumba sita kati ya kumi ndizo zinazolipa, na mkononi zinafika 360,000. Wakitoa marejesho inabaki 160,000 ya mafuta, matairi na riziki ya watu watano. Kikundi hicho kitakufa kabla ya Idi, na hakuna semina ya ujasiriamali itakayokiokoa. Sasa ongeza mkataba: halmashauri inalipa shilingi 16,000 kwa kila tani iliyofikishwa kituo cha kukusanyia, na nyumba 300 zinatoa kama tani 25 kwa mwezi. Hizo ni 400,000 zaidi. Baada ya marejesho inabaki 560,000. Si utajiri, lakini guta litatembea, mkopo utarudi, na mtaa utakuwa safi. Fedha ya mkopo ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mteja asiyehama mji.

Tatizo ni tabia ya mteja huyo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimekuwa zikitaja mwaka hadi mwaka madeni ambayo halmashauri zinadaiwa na wazabuni na watoa huduma. Mkandarasi mkubwa akicheleweshewa malipo ana benki ya kumbeba. Kikundi cha guta hakina. Halmashauri ikikaa miezi mitatu bila kulipa, vijana wale wanaidai shilingi 1,200,000. Mafuta hayapo, guta limeegeshwa chini ya mwembe, na marejesho ya mwezi wa pili na wa tatu hayajapelekwa. Mwisho wa robo mwaka, katika taarifa inayosomwa barazani, kikundi hicho kinatajwa miongoni mwa wadaiwa sugu. Anayekitaja ndiye anayedaiwa. Katika biashara ya kawaida wenye madeni ya pande mbili hukata deni kwa deni na mambo yakaisha. Katika halmashauri, mkopo uko akaunti moja, malipo ya huduma yako kifungu kingine, na hakuna sheria ya hesabu inayoyafanya makabati hayo mawili yazungumze.

Kwa miaka mingi ushirikishwaji wa wananchi umekuwa na maana ya upande mmoja: wananchi wachangie nguvu, mchanga, mawe na fedha taslimu, kisha wasubiri halmashauri imalizie. Maboma ya madarasa na zahanati yaliyosimama bila paa katika wilaya nyingi ni kumbukumbu ya ubia wa aina hiyo. Mwananchi asipochanga huitwa na mtendaji. Halmashauri isipomalizia haiitwi na mtu. Ubia ambao adhabu yake iko upande mmoja tu una jina lake, ila si ubia.

Hofu za upande wa pili ni za kweli na zinastahili kusikilizwa. Kwanza, zabuni za vikundi zinaweza kugeuka ulaji wa madiwani na ndugu zao, kwa kuwa kikundi ni rahisi kukisajili kuliko kampuni. Hilo litatokea. Limetokea kwenye mikopo, hakuna sababu lisitokee kwenye zabuni. Tofauti ni kwamba mkopo uliopewa kikundi hewa hauonekani mpaka mkaguzi aje, na mtaro usiozibuliwa unaonekana na kila anayepita. Pili, makampuni madogo yaliyokwisha kuwekeza kwenye kazi za usafi yatalalamika kwamba yananyang'anywa soko. Yanayo haki ya kulalamika iwapo vikundi vitapewa bei ya upendeleo. Vikipewa kazi za vichochoroni ambazo kampuni haizitaki, na kwa bei iliyo wazi, malalamiko hayo yatapungua. Tatu, na hili ndilo zito, hakuna fedha. Jiji lenye makusanyo yanayoyumba haliwezi kuahidi malipo ya kila mwezi kwa vikundi vya kata zote 27.

Kweli, haliwezi. Ndiyo maana isianzwe na kata zote. Desturi ya kugawa kila kitu sawa kwa sawa, kila kata ipate kidogo ili diwani asinune, ndiyo iliyoifanya miradi mingi ya mitaa kuwa midogo kiasi cha kutoonekana. Masoko mawili na kata tatu au nne za Ngamiani na jirani zake zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Fedha ya kulipia itoke katika ushuru wa masoko hayohayo, ikae katika akaunti yake, na kiasi kilichokusanywa na kilicholipwa kibandikwe ukutani pale sokoni kila mwisho wa mwezi, kwa maandishi makubwa, ili mama wa nyanya akisome bila kuomba kibali cha mkurugenzi. Vikundi vyenye mkataba viwe vya kwanza katika foleni ya mkopo wa asilimia kumi, na mkataba wenyewe uwe na kifungu kifupi: kwa kila mwezi ambao halmashauri haijalipa kazi iliyokwisha kupokelewa, marejesho ya mkopo ya mwezi huo yanasimama yenyewe, na kikundi hakihesabiwi kuwa mdaiwa.

Mwanasheria wa jiji huenda asikipende kifungu hicho, na mweka hazina ataona kinamfunga mikono. Kitamfunga, na ndiyo kazi yake. Miradi mikubwa ya barabara na masoko ya kisasa, kama hii ya TACTIC inayogusa miji 45 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 410, ina masharti marefu ambayo halmashauri huyatii bila manung'uniko kwa kuwa yameandikwa Washington. Sharti moja lililoandikwa kwa ajili ya vijana wa guta halitauvunja mji.

Linalobaki ni nani atakayepima tani. Ofisa wa afya peke yake hatoshi, na mwenyekiti wa kikundi hawezi kujipimia. Busara ni saini tatu kila Jumamosi, ya ofisa, ya mtendaji wa mtaa, na ya mfanyabiashara mmoja aliyechaguliwa na wenzake sokoni, kwenye kitabu cha nakala tatu. Nakala moja iende kwa mweka hazina, moja ibaki mtaani, na moja ikae kwa kikundi, iwe tayari siku ambayo taarifa ya wadaiwa sugu itasomwa barazani.